Ndoo ya Udongo Mgonjwa, Kutoka Nyamwaga Hadi Issenye

Wenzangu wa kisimani na wa kanisani,

Mmeniuliza nilikwenda wapi na ile ndoo, na kila aliyeniuliza nimempa kipande. Sasa naona vipande vimeunganishwa vibaya. Juzi muuza chumvi ameniambia usoni kwamba mimi na mkamwana wangu tulikwenda Serengeti kuuza dhahabu. Basi nimechukua daftari la mjukuu, nimekaa, nimeandika yote tangu tulipotoka mpaka tuliporudi. Anayejua kusoma awasomee wasiojua. Asiongeze lake.

Hatukuuza dhahabu. Tulibeba udongo.

Nyumbani Nyamwaga

Shamba langu la chini ya migomba mnalijua. Mwaka wa nne huu nyanya zinakufa pale. Mche asubuhi umesimama vizuri, saa sita mchana umelala, majani bado ya kijani, kama mtu aliyezimia. Jioni unainuka kidogo ili ukudanganye. Baada ya siku chache umekwisha. Nimenyunyiza dawa za dukani, nimemwaga majivu, nimeng'oa na kuchoma. Bure. Ugonjwa umo kwenye udongo wenyewe.

Robi alikuwa amenieleza msimamo wake. Ninyi mnamjua Robi, huyo mkamwana wangu, lakini daftari hili linaweza kufika mbali, kwa hiyo nieleze. Mimi sikupata mtoto wa kiume. Mabinti wameolewa. Nikatoa ng'ombe nikamwoa Robi, kama ilivyo desturi yetu ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke mwenzake ili nyumba isifungwe. Watoto wake watatu ni wajukuu zangu, na wanaitwa kwa jina la nyumba yangu.

Aliniambia tukipalilia, "Mama, msimu huu zikifa tena, mimi nakwenda machimboni kuponda mawe. Wenzangu wote wako huko. Watoto hawawezi kula majivu."

Nilikuwa nimeshaiona nyundo aliyonunua. Aliificha chini ya kitanda, akadhani mtu anayefagia nyumba ile kila siku hataiona. Na mimi wanawake wanaoponda mawe nimewaona wakirudi nyumbani, nimesikia vifua vyao.

Sasa, huyu Daktari Neema niliyempelekea udongo. Alipita huku miaka mitatu nyuma akiuliza mashamba ambayo nyanya zinakufa. Alipofika kwangu zilizokufa alizitazama kidogo tu. Akazunguka nyuma ya zizi, akapiga magoti kwenye mbolea na suruali yake safi, mbele ya kile kinyanya cha porini ambacho hakuna aliyekipanda, chenye matunda madogo kama shanga. Watoto wanakichuma wakichunga.

"Hiki kimewahi kunyauka, mama?"

Nikamwambia sijawahi kukiona kimenyauka, ila pia sijawahi kukitazama. Akachuma matunda akayatia kwenye bahasha, akaandika juu yake kama mtu anayeandika jina la mtoto kliniki, akaondoka.

Miaka mitatu kimya. Kisha akapiga simu. Akasema kinyanya changu kimepata wajukuu, na wajukuu wana matunda makubwa. Ila ugonjwa wa huko kwao Issenye unaweza usiwe ndugu wa ugonjwa wangu. Anataka ndoo moja ya udongo wangu, usianikwe juani, usikauke, ufike kabla ya Ijumaa kwa sababu miche imefikia umri. Habari za karatasi za ruhusa aliziweka sawa yeye, mimi sitawachosha nazo.

Nikamwambia nitakuja na Robi. Kama ni kuona, tuone wawili.

Fuso la ndizi

Basi dogo lilitukataa. Kondakta alifunua mfuniko, akachungulia, akasema udongo haupandi gari lake hata ukilipiwa nauli ya mtu. Tukakaa barabarani mpaka jua limepanda. Akatupata Marwa, kijana anayepeleka ndizi Mugumu kwa Fuso, mama yake nilibatizwa naye siku moja. Akatupandisha mbele. Ndoo nikaiweka kati ya miguu yangu, nimeifunga kanga juu ya mfuniko. Ndani Robi alikuwa amechomeka mche mmoja wa nyanya uliokuwa unakufa, kama daktari alivyoagiza.

Marwa aliitupia ndoo jicho kila kona, mwisho akashindwa.

"Bibi, kwani huko Serengeti hawana udongo?"

"Wanao. Hawana mbaya kama wangu."

"Sasa mbaya unapelekwa wa nini?"

"Endesha gari."

Robi alicheka akigeukia dirishani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu palizi.

Machimboni

Springi ya nyuma ilikatika tukiwa katikati ya machimbo, mahali ambapo mimi nikiwa msichana nilichunga ndama. Sikupatambua. Nilitafuta kilima nilichokijua, nikaonyeshwa shimo. Kuna mahema ya maturubai kila upande, mashine za kusaga mawe zinanguruma, na watu wa kila kabila wanaongea kwa kupiga kelele kwa sababu hakuna anayemsikia mwenzake. Nyanya zinauzwa pale mojamoja kama mayai, na zimetoka mbali. Nikaona uchungu.

Kando ya barabara wanawake wa rika la Robi wamekaa juu ya kifusi wanaponda mawe. Nyuso nyeupe kwa vumbi, huwezi kujua nani ni mzuri. Robi aliwatazama muda mrefu. Mmoja akamwita, "Dada, njoo basi. Una nyundo?"

Robi akatazama chini. Mimi pia nikatazama kwingine.

Marwa alikwenda kutafuta fundi. Tukala ugali wa muhogo na samaki mkavu kwa mama mmoja chini ya turubai, ndoo iko kati ya miguu yangu. Hapo ndipo nilipokosea. Mahali pale ukikumbatia ndoo ya udongo, watu wanajua unakumbatia mchanga wa dhahabu.

Wakaja vijana wanne. Wamesimama kwa heshima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, mzigo huo unatoka duara gani, shimo la nani?"

"Huu si mzigo wa duara. Huu ni udongo wa shamba. Una ugonjwa wa nyanya. Napeleka kwa daktari."

Wakatazamana. Mmoja mrefu, niliyesikia akiitwa Mwita, akasema taratibu, "Bibi, mimi nina bibi pia. Hajawahi kupeleka udongo hospitali."

Robi akawaonyesha barua ya ruhusa ya daktari. Hilo ndilo lililoharibu kabisa. Mwita alisoma kwa sauti, akafika kwenye neno "udongo", akaikunja vizuri, akasema, "Sasa udongo wa kawaida nani anauandikia barua yenye muhuri?"

Watu wakajaa. Mmoja anasema huyu bibi anapitisha mchanga wa watu. Mwingine anasema wazee ndio wanaotumika siku hizi kwa sababu hawapekuliwi. Niliona mkono mmoja umeshashika kanga. Nikaupiga ule mkono. Mwenye mkono akasema samahani bibi, lakini hakuuondoa.

Akaitwa Mama Akinyi, Mjaluo, mwanamke wa umri wangu, anayeosha mchanga kwa karai. Pale wote wanamwamini kwa sababu akisema hakuna, hakuna. Akaniambia, "Dada yangu, niache nioshe kikombe kimoja tu. Wataona hakuna kitu, mtakwenda salama. Bila hivyo watamwaga ndoo yote."

Nikakubali kikombe kimoja. Akachuchumaa, akazungusha karai, tope linaondoka kidogo kidogo, watu wamenyoosha shingo. Chini ya karai kikametameta kitu.

Hapo ndipo nilipojua dhahabu inafanya nini kwa watu waliotoka kunisalimia shikamoo. Ndoo ilinitoka miguuni kama mtoto anayenyakuliwa. Robi aliishika mpini akakokotwa nayo hatua kadhaa. Makarai yakatoka sijui wapi. Nusu ya udongo wangu ikaoshwa mbele ya macho yangu, na Mwita anasimamia maji yaliyotumika yaingizwe kwenye pipa lililokatwa, ili yaoshwe mara ya pili.

Mama Akinyi alikuwa bado amechuchumaa na karai lake la kwanza. Akachukua kile chenye kumeta kwa kidole, akakisugua kwa kucha. Kikamenyeka kama ganda la kitunguu.

"Ulanga," alisema. "Wajinga ninyi, ni ulanga, kijiwe cha kumeta kisicho na bei. Mmemwaga mzigo wa mama wa watu kwa ajili ya ulanga."

Wengine wakaanza kuondoka kama wanaokumbuka kazi. Mwita akashika pipa ili amwage yale maji kwenye mfereji unaoelekea mtoni.

Nikasimama. Goti langu linauma lakini nilisimama.

"Usimwage."

"Bibi, ni maji machafu tu."

"Ni maji yenye ugonjwa. Huko chini kwenye mfereji kuna watu wamepanda nyanya, nimeziona tukija. Ukimwaga hapo utawaulia shamba, na hawatajua kamwe aliyewaua ni nani. Rudisha kwenye ndoo. Tope na maji, yote. Na makarai yasuguliwe kwa majivu."

"Yote, bibi?"

"Wewe si uliona thamani yake? Rudisha."

Akarudisha. Walirudisha wote wanne, wakikwangua makarai kwa viganja. Mama Akinyi akasugua lake kwa majivu, kisha akaninong'oneza, "Dada, hiyo ni nyanya kweli?"

"Ni nyanya."

Akatikisa kichwa. "Miaka yote niliyoosha hapa, sijaona mtu anadai kurudishiwa tope."

Kuvuka Mto Mara

Springi ilifungwa kwa mnyororo na tukaondoka alasiri. Kwenye daraja Marwa alipunguza mwendo bila kuombwa. Mto ulikuwa mpana na wa rangi ile ile ya ndoo yangu. Robi alifunua mfuniko. Ulikuwa uji. Udongo niliouzoea kwa vidole vyangu umekuwa uji.

"Umeharibika, Mama," akasema.

Nilijua anachohesabu kichwani. Safari imekufa, msimu umekufa, nyundo iko chini ya kitanda. Nikafunga kanga tena.

Mugumu

Tulilala kwa Bi Mwanahawa, mwenye hoteli ndogo karibu na soko, watu wake asili ni pwani lakini yeye amezaliwa Mugumu. Ni mwanamke wa maneno matamu na macho makali. Alitupa chai ya tangawizi na sambusa, kisha akaiona ndoo mlangoni. Akaifunua, akanusa, akamtazama Robi tumboni.

"Hongera mwanangu. Miezi mingapi?"

Robi akaduwaa. Bi Mwanahawa akaniambia mimi, "Binti yangu naye ana mimba, kila siku ananitesa, mama nitafutie udongo wa kula, mama udongo. Huu unanukia mvua. Nimegee kidogo, bibi, nikamkaushie."

Na kidole alikuwa ameshakichovya. Nikamkamata mkono ukiwa karibu na mdomo. Nikamwambia huu hauliwi, huu ni udongo wenye maradhi ya nyanya. Akaosha kidole kwa sabuni mara tatu, mara ya nne kwa limau. Kisha akasema kwa upole sana kwamba ndoo italala nje.

"Basi na mimi nitalala nje," nikasema.

Ndoo ililala ndani, chini ya kitanda changu. Asubuhi hakutaka tulipie sambusa, ila alitaka nimwahidi kwamba nyanya hazimwambukizi mtu. Nikaahidi, ingawa wakati huo sikuwa na uhakika.

Issenye

Tulikwenda kwa bodaboda mbili. Nchi ile ni wazi, ng'ombe wengi, mbingu imeshuka chini kuliko ya kwetu milimani. Shamba la majaribio lina uzio, na langoni kuna beseni lenye maji ya dawa. Mlinzi akasema, "Kanyaga humo, bibi, viatu vyote viwili."

Nikamwambia nimeoga. Nimevaa viatu vya kanisani. Kuambiwa niogeshwe miguu kama ng'ombe kwenye josho ni jambo ambalo sijazoea. Daktari Neema akaja mbio, akakanyaga yeye kwanza mbele yangu, akasema, "Mama, si uchafu wako. Hata mimi naogopa miguu yangu mwenyewe. Ugonjwa unasafiri kwenye viatu." Hapo nikakanyaga. Nikakumbuka misimu yote niliyotoka shamba bovu na kuingia shamba zima kwa miguu ile ile, na hakuna aliyeniulia nyanya isipokuwa mimi.

Nilitaje na goti. Nilimwonyesha goti kwa sababu ni daktari. Alilitazama kwa adabu, akasema yeye ni daktari wa mimea tu, lakini pole sana.

Kisha nikamfunulia ndoo na kumweleza mambo ya machimboni. Nilijiandaa kwa hasira yake. Robi alisimama nyuma yangu. Daktari alichungulia uji ule, akachukua ule mche uliokufa, akaukata shina kwa wembe, akauning'iniza ndani ya glasi ya maji safi. "Tazameni," akasema. "Msiitikise meza."

Mwanzoni hakuna kitu. Kisha kwenye kidonda cha shina ukatoka uzi mweupe, mwembamba kuliko wa buibui, ukashuka ndani ya maji taratibu kama moshi unaoelekea chini. Ukafuata mwingine. Maji ya chini yakaanza kuwa kama ya maziwa.

"Ndio huo," alisema. "Huo ndio unaokuulia. Ni wadudu wadogo wasiohesabika. Wanaziba mishipa ya maji, mche unakufa kwa kiu umesimama kwenye udongo uliolowa."

Nimelima tangu sijaota meno yote. Nimepigana na kitu kile miaka minne na sikujua sura yake. Nilikaa chini. Robi aliinama mpaka pua inagusa glasi, na hakuinuka mpaka nilipomvuta.

"Na udongo ulioharibika?" akauliza.

Daktari akacheka. "Haujaharibika. Sisi hapa tunauloweka ili tupate maji yake, maana wadudu wanaishi kwenye maji. Wachimbaji wenu wamenifanyia kazi ya siku nzima. Kama wangemwaga mferejini, hapo ndipo ningelia."

Akatupeleka kwenye miche. Ilikuwa kwenye makopo kumi na mawili yenye namba, yote sawa kama watoto wa shule wakiwa wamevaa sare. Kila mche una tundu dogo la duara kwenye jani, kama sikio lililotogwa. Akaeleza kwamba kipande kilichotoka kwenye tundu kilikwenda maabara, mbali. Ndani ya jani kuna maandishi marefu yasiyoonekana kwa macho, ambayo mche umezaliwa nayo. Kinyanya cha zizini kina mahali fulani pa maandishi ambapo nyanya kubwa haina. Wamepajua. Kwa hiyo wakisoma jani wanaweza kusema mche huu umerithi nguvu, huu haukurithi, kabla ugonjwa haujaugusa.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia hata binadamu, mama yake mwenyewe hajui mtoto yupi atakuwa na nguvu mpaka augue.

"Sawa, mama. Chagua wewe."

Nikachagua sita, kwa shina, kwa rangi, kwa jinsi unavyorudi ukiusukuma kidogo. Wa kwanza ulikuwa mnene kuliko yote, nikampa Robi auzungushie uzi mwekundu. Nikamwambia daktari, na wewe uandike yako sita sasa hivi, unipe karatasi, nifunge kwenye pindo la kanga, ili mtu asije akabadili maneno. Akaandika bila kusita, akakunja, nikafunga mafundo mawili.

Nikamuuliza kinyanya cha shanga kimezaaje nyanya za ukubwa ule. Akasema alichukua ua la nyanya kubwa akalipaka vumbi la ua la kinyanya. Watoto wakatoka wadogo, wachachu. Akawarudisha kwa nyanya kubwa. Wajukuu vilevile akawarudisha. Mara nne. Kila mara anasoma majani, anamchagua yule mwenye nguvu za zizini, wengine anawaacha, mpaka nyumba imekuwa ya nyanya kubwa tena kwa kila kitu isipokuwa ile nguvu moja iliyotoka nje.

Nikatazamana na Robi.

"Kumbe nanyi mna nyumba ntobhu," nikasema.

Daktari hakuelewa. Akaeleza Robi, siyo mimi. Akasema, "Nyumba ya mama huyu ilikuwa inakufa. Mimi nimetoka nje, ukoo mwingine, nimeletwa na ng'ombe. Watoto wangu jina lao ni la nyumba yake, wanaongea kama yeye, hata ukali wana wa kwake. Lakini ndani yao kuna kitu nilikuja nacho mimi, na ndicho kinachoifanya nyumba isimame."

Hajawahi kuniambia hivyo nyumbani. Ilibidi twende mpaka Issenye aniambie kupitia kwa nyanya.

Siku za kungoja

Daktari aliikwaruza mizizi ya miche yote kwa kisu na kuimwagia maji ya ndoo yangu. Tukakaa kwake siku kumi na sita. Mimi nilichambua maharage yake yote na kumfundisha kupika uji wa ulezi usio na madonge. Kila saa sita mchana, jua likiwa kali, tulikanyaga beseni na kwenda kutazama.

Siku ya nane yote imesimama. Robi akasema labda maji yalichoka. Siku ya tisa, ule mnene, wangu wa uzi mwekundu, ulikuwa umelala. Majani ya kijani, kichwa chini. Ninakijua kifo kile. Robi aliugusa kwa kidole akaniangalia kama anayeniomba msamaha.

Ikafuata mingine, mmoja leo, miwili kesho. Siku ya kumi na sita, saba ilikuwa imekufa na mitano imesimama, na ile mitano ilikuwa imetoa majani mapya kana kwamba tulikuwa tumeimwagia maji ya mvua. Miwili kati ya ile mitano ilikuwa mibaya ya sura, shina jembamba, nisingeichagua hata kwa kufukia shimo.

Nikafungua pindo la kanga. Robi akasoma namba moja baada ya nyingine, na daktari akawa anagusa makopo. Mitano iliyosimama, yote imeandikwa. Karatasi hiyo ilikuwa imekaa kwenye kanga yangu siku zote zile, nimelala nayo, nimesali nayo. Nikaichukua, nikaigeuza nyuma na mbele. Si uchawi, niliona kila hatua, na bado niliigeuza.

Lakini namba ya sita kwenye karatasi ilikuwa mche uliokufa.

"Huo umekukosea," nikamwambia.

"Ndiyo, mama." Hakuona aibu, alikuwa anaandika. "Ile alama tunayoisoma si nguvu yenyewe. Ni jirani yake. Wanakaa karibu sana, wanarithiwa pamoja. Mara mojamoja jirani anahama, nguvu haimfuati."

Nilimwamini zaidi kwa huo mmoja uliokufa kuliko kwa mitano iliyosimama. Mtu anayekudanganya angeuficha.

Alitukatia nyanya kutoka mimea mikubwa iliyo ndugu ya ile. Kubwa, nzito, nyama nyingi. Niliuma nikatafuna taratibu. Mwishoni kabisa, nyuma ya ulimi, kulikuwa na ukali kidogo. Zizi langu. Kinyanya ambacho nilikikanyaga miaka yote nikienda kukamua.

Kurudi

Tulirudi na mbegu kwenye bahasha, na ndoo tupu iliyosuguliwa kwa dawa. Bi Mwanahawa alitukagua viganja kabla ya kutupa chai. Machimboni Marwa, aliyetupakia tena Mugumu, alisimamisha gari kidogo, Mama Akinyi akaja dirishani.

"Haya, dada. Tope lilikuwa na kitu?"

Robi akamwonyesha bahasha. Mama Akinyi akamimina mbegu chache kiganjani, akazizungusha kama anavyozungusha karai, kwa mazoea tu. Akazirudisha zote mpaka ya mwisho. Nikampa kumi.

Wale wanawake walikuwa bado juu ya kifusi. Yule aliyemwita Robi alimwita tena. Safari hii Robi alimpungia mkono.

Sasa mmejua. Miche imo shambani kwangu, kwenye udongo ule ule, na beseni la dawa liko kwenye njia, kwa hiyo atakayekuja akanyage, awe shemasi au asiwe. Imekufa miwili. Iliyobaki imesimama, na hii ni wiki ya saba, wiki ambayo miaka mingine nilikuwa nimeshang'oa na kuchoma. Sijui kama itasimama misimu yote. Daktari naye amesema hajui, na anakuja kutazama.

Jana saa sita mchana nilishuka shambani, saa ile mbaya, jua limesimama. Nilisikia mlio kabla sijafika kwenye migomba. Robi alikuwa anapigilia miti ya kuegemezea nyanya kwa sababu matunda yameanza kuinamisha matawi. Alikuwa na ile nyundo. Aliponiona hakuificha.

"Mama, nishikie huu mti usiyumbe," akasema.

Nikaushika.